Biharusi Apewe Begi la Mgongoni, Si Seti ya Masanduku



Sisi kazi yetu ni kushona nguo za maharusi, kwa hiyo siku vitu vinapopelekwa kwa biharusi aghalabu na sisi tunakuwapo. Jambo moja tunaliona kila msimu. Katikati ya chumba hupangwa masanduku matatu ya magurudumu, kubwa, la kati na dogo, yote rangi moja, yanang'aa kama sahani mpya. Vigelegele vinapigwa, simu zinatolewa, picha zinapigwa. Haifiki miezi mingi lile dogo, ambalo ndilo la kuingia nalo ndani ya ndege, linaletwa dukani kwetu limeng'oka mpini au gurudumu, tunaulizwa kama tunaweza kulishona. Plastiki haishonwi, mashoga. Tunarudisha kama lilivyo.

Rai yetu ni hii, na tunajua mama wakwe watatununia: seti ile ipunguzwe, na sehemu ya pesa yake inunue begi moja la mgongoni, imara, la kuingia nalo ndani ya ndege. Na achague biharusi mwenyewe kwa mikono yake, asichaguliwe na kaka wa bwana harusi aliyepita Kariakoo akaona rangi nzuri.

Mtu atasema, begi tu hilo, makala nzima ya nini? Hebu fikirieni kinachotiwa ndani ya begi la mkononi la mwanamke anayesafiri. Pasipoti. Kadi ya chanjo. Dhahabu ya mahari asiyoweza kuiacha nyumbani. Dawa za pumu au za sukari. Nguo za ndani na baibui la akiba. Pesa alizopewa na mama yake kimya kimya, "usimwambie mtu". Vyote hivi ni vitu ambavyo vikipotea, safari yenyewe imepotea. Biharusi mmoja tuliyemshonea alikwenda umra na mumewe siku chache baada ya harusi. Mlangoni pa ndege akaambiwa sanduku lake dogo limezidi, litakwenda chini na mizigo mingine. Ndege ilikuwa imeshajaa, watu nyuma yake wanasukuma, hakupata hata nafasi ya kulifungua. Sanduku likamfikia siku mbili baadaye. Dawa zake zimo humo, dhahabu imo humo. Alhamdulillah vyote alivikuta, lakini siku mbili zile alizokuja kwa ajili ya ibada alizimaliza kwenye simu akiuliza mzigo wake uko wapi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mashirika mengi yanayotupitisha sisi kwenda Saudia, Oman na Dubai yanaruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 tu za mzigo wa mkononi. Kilo 7 pamoja na begi lenyewe, si vitu peke yake. Sanduku dogo la magurudumu, tupu, halina kitu, huwa na kilo mbili na nusu mpaka 3. Yaani karibu nusu ya ruhusa yako umeipa magurudumu na mpini. Begi zuri la mgongoni huwa na kilo moja hadi moja na nusu. Ile tofauti ni baibui mbili na mtandio, au ni zawadi ya mama.

Vipimo navyo. Emirates wanataka begi lisizidi sentimita 55 kwa 38 kwa 22. Qatar Airways wao ni 50 kwa 37 kwa 25. Ukitaka begi moja likupitishe kote, tafuta lisilozidi sentimita 50 urefu, 35 upana na 22 unene. Hilo linachukua lita 38 hivi, na zinatosha kabisa kwa safari ya wiki kwa mtu anayejua kukunja. Pima kwa futi ya kushonea, pima na mifuko ya nje ikiwa imejazwa, maana begi tupu na begi lililoshiba si kipimo kimoja. Na soma tiketi yako, kwa sababu vipimo hubadilishwa.

Kisha iko mikono. Sisi watu wa visiwani safari yetu haianzii uwanja wa ndege. Ya wengi huanzia Wete au Mkoani, au bandarini Malindi: unapanda boti kwa ngazi yenye maji, mtoto kiunoni, baibui umelishika lisikanyagwe, na huko nyuma mwanamme mwenye gunia anakuhimiza. Sanduku la magurudumu pale si la kuburura, ni la kubeba. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vivyo hivyo. Mwenye begi mgongoni ana mikono miwili, mmoja wa kushika ukuta wa boti na mmoja wa kushika baibui.

Tunajua pingamizi lenu kwa sababu tunalisikia dukani. Begi la mgongoni ni la mtoto wa skuli. Biharusi hapendezi nalo. Tena linavuta baibui nyuma, na mikanda inachora mwili. Hili la mwisho ni neno la haki na tunalijibu kama mafundi. Kinachochora kifua ni ule mkanda mdogo unaokatiza kifuani. Usiufunge, mabegi mengi mazuri unaweza kuutoa kabisa. Mkanda wa kiunoni vivyo hivyo, kwa begi la kilo 7 huuhitaji. Vaa begi kwanza, kisha mtandio mrefu uuteremshe mbele juu ya mikanda, hapo hakuna kinachoonekana. Baibui kuvutwa nyuma kunatokana na mikanda mirefu mno, begi linaning'inia mpaka chini ya kiuno. Likazwe likae juu. Na baibui lenye shanga au mawe mabegani usisafiri nalo, hata kwa mkoba wa begani litachunika tu. Ama la mtoto wa skuli, chukueni rangi nyeusi au kahawia isiyo na maandishi, nani atakuuliza darasa la ngapi?

Tuje kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo wanawake tunapoibiwa. Tunanunua begi kwa uso. Muuzaji anajua, ndiyo maana uso umepambwa na ndani hapatazamwi.

Begi ligeuze nje ndani, kama unavyofanya gauni. Mishono yote ya ndani iwe imefungwa kwa utepe, kitambaa kisichomoze nyuzi. Ukiona kingo zinachambuka dukani, fikiria baada ya safari tatu. Tazama urefu wa mshono: sentimita moja iwe na mishono mitatu mpaka minne. Mishono mirefu ni ya fundi anayekimbilia hesabu. Mishono iliyobanana sana nayo si sifa kwa kitambaa kizito, inakitoboa toboa mpaka kinachanika kwenye mstari kama stempu.

Halafu shika mikanda ya mabegani pale inapoingia mwilini mwa begi, juu na chini. Hapo ndipo begi linapokufia. Mabegi mengi tunayoletewa kutengeneza, kitambaa kizima, zipu nzima, mkanda umeng'oka. Mkanda uliotiwa kwenye mshono mmoja tu, kisha ukapitishwa cherehani mara moja, hautafika mbali. Unataka uone kisanduku cha mshono chenye msalaba wa X katikati, au ule mshono wa zigizaga uliobanana kama tundu la kifungo. Shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwingine, uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukiona nafasi kati ya nyuzi, mrudishie mwenyewe. Akikasirika, jua kwa nini amekasirika.

Uzi uwe wa polista au nailoni. Uzi wa pamba kwenye begi la safari ni mapambo, jasho na unyevu wa bahari vinauoza. Mtoe muuzaji wasiwasi, usiuchome moto dukani kwake. Uvute tu kidogo pale uzi ulipozidi. Wa pamba hukatika kwa urahisi na ncha yake hubaki na manyoya.

Kitambaa kina neno lake kwenye lebo: denia, huandikwa kwa herufi D. Maana yake ni uzito wa uzi kwa gramu, ukipimwa mita 9,000. Kwa hiyo 210D ni uzi mwembamba, na 1000D ni uzi mnene. Kwa begi la ndege, nailoni ya 420D mpaka 500D inatosha, na chini kabisa ya begi, penye kuburuzwa sakafuni, iwe nene zaidi au iwe mbili. Polista inastahimili jua, haichuji rangi upesi. Nailoni inastahimili kusuguliwa. Ya 1000D wanayojisifia wauzaji ni ngumu kweli, ila ni nzito, na nyinyi mna kilo 7. Msinunue uzito kwa jina la uimara.

Zipu sasa. Nyuma ya kichwa cha zipu huwa pamechongwa namba. Namba ile ni kama upana wa meno yakishafungwa, kwa milimita. Mlango mkubwa wa begi uwe namba 8 au 10, mifuko midogo namba 5 inatosha. Begi kubwa lenye zipu namba 5 kila mahali, hata likiwa zuri kiasi gani, litapasuka siku utakapolikalia ulifunge. Na sisi wa pwani tuna adui wetu mwingine, chumvi. Zipu ya chuma hapa kisiwani huota kutu, meno yanaganda, unavuta mpaka kidole kinavimba. Chagueni ile ya nailoni yenye meno ya kujisokota. Ikiachia njiani, mara nyingi meno ni mazima, kilicholegea ni kichwa. Mtu mwenye koleo anakibana kidogo kila upande, ikarudi kazini. Wengi huuliza YKK. Ni kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934 na zipu zao tunazipenda, lakini herufi zile ni rahisi kuiga. Ivute mara kumi, kwenye pembe hasa. Inayokwama dukani haitafunguka Jeddah.

Kuna moja ambalo maduka hayasemi kabisa. Ndani ya kitambaa cha begi hupakwa utando wa kuzuia maji. Utando huu kwa joto letu na unyevu wetu huharibika hata begi likiwa kabatini halitumiki: unaanza kunata, unatoa harufu chachu, mwisho unabanduka kama ngozi iliyoungua na kuganda kwenye nguo nyeupe. Kwa hiyo begi la zamani lililokaa stoo miaka, hata kama ni jipya na lina karatasi yake, litie mkono ndani kabla hujalipa. Na hasa mitumba. Sisi mitumba hatuidharau. Darajani unaweza kupata begi la mtu wa Ulaya lililoshonwa kuliko lolote jipya, kwa bei ya chini. Ila nusa, papasa ndani, kisha bonyeza sponji ya mabegani. Ikibaki na shimo la kidole, imekufa.

Bei je? Begi la sh. 35,000 linalodumu safari mbili na begi la sh. 120,000 linalodumu miaka minane, lipi ghali? Wanawake tunaojua kukokotoa kipimo cha kitenge mpaka inchi ya mwisho, kwenye begi tunashindwa hesabu hii. Tena isifahamike kwamba tunasema mnunue la bei kubwa kwa ajili ya jina. Liko begi la dola mia mbili lenye mshono mmoja mabegani, tumeliona kwa macho yetu. Kulipia jina ni israfu sawasawa na kulipia seti ya masanduku matatu ambayo mawili yatakaa juu ya kabati yakifuga vumbi na nondo. Na hilo la sh. 35,000 lililopasuka linakwenda wapi? Jaani. Kisiwa chetu ni kidogo, jaa letu tunaliona.

Kwa wanaokwenda umra, mambo machache ya ndani ya begi. Vimiminika ndani ya ndege ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa wazi wa lita moja. Chupa ya mafuta ya tola moja ni mililita 12 hivi, kwa hiyo mafuta yako hayana tatizo. Asali ya Pemba, samli na achari huhesabiwa vimiminika, visikutoe machozi kwenye ukaguzi. Vitie kwenye mzigo wa chini. Mkasi pia uende chini, na hili tunalisema kwa uchungu wa mafundi. Pauabenki ni kinyume, hiyo hairuhusiwi chini, lazima uwe nayo mkononi, na isizidi wati-saa 100. Manukato na sabuni yenye harufu vitie mfuko wa mbali, na sabuni isiyo na harufu mfuko wa karibu, ili ukishaingia ihramu usije ukashika kwa mazoea. Begi kubwa liache hotelini; Haram uende na kijimkoba chepesi, maana mizunguko saba ya tawafu na safari saba za sai si matembezi ya kubebea mzigo. Maji ya zamzam ya kurudi nayo usiyafiche ndani ya begi. Yanauzwa kwenye chupa zake za lita 5 zilizofungwa kwa ajili ya safari.

Vitu vizito vitie karibu na mgongo, si chini na si nje. Begi likivuta nyuma, mtu huinama mbele, na jioni kiuno kinauma akadhani ni safari.

Kuna mwanamke mmoja alituambia, "Mimi begi langu atabeba mume wangu, ndiyo kazi yake." Na abebe, Mungu amjaalie kheri, ni ihsani nzuri. Asubebe pasipoti yako tu. Kwenye foleni za wanawake na wanaume mnaweza kutenganishwa, na kwenye umati wa Makka mkapoteana saa nzima. Karatasi zako, dawa zako na nauli ya kurudi hotelini vikae mgongoni mwako mwenyewe. Mama zetu walipokuwa wakisafiri kwa majahazi walifunga pesa kwenye pindo la kanga, na hawakumpa mtu kanga ile.

Mkirudi, begi lisiende moja kwa moja kabatini. Lifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, zipu uipitishie mswaki wa zamani, kisha lianikwe kivulini likiwa wazi. Usilitie kwenye mashine ya kufulia, utando ule tuliousema utabanduka wote. Zipu ikiwa nzito, paka mshumaa mkavu kwenye meno. Na ukiona uzi umeanza kuachia begani, lilete kwa fundi wiki mbili kabla ya safari. Usiku wa kuamkia safari usilete, maana usiku huo tunakuwa tunamalizia gauni la biharusi mwingine.